KWA NINI MWANAFUNZI HUNYWA POMBE?

Likizo ya Desemba yakaribia. Huku kwetu Tarime na Serengeti, ukiwa ni mwaka wa tohara, likizo hiyo huja na ngoma, nyama na pombe. Basi yafaa tulitazame somo hili kabla shule haijafungwa.

Twaambiwa daima kwamba pombe ni mbaya, lakini ni mara chache kuulizwa, kijana huinywea nini? Mwaka 1994 mtaalamu wa Marekani, Lynne Cooper, alizipanga sababu za vijana katika mafungu manne: kutafuta raha, kuchangamka pamoja na wenzao, kusahau shida, na kuogopa kutengwa na rika. Maswali yake yametumiwa tangu hapo kwa wanafunzi wa mataifa mengi. Imeonekana kwamba anywaye ili asahau shida ndiye aelekeaye zaidi kupatwa na matatizo. Nadhani kwetu fungu la nne lina nguvu kuliko yote, maana kijana aliyetoka jandoni hutaka aonekane mtu mzima.

Zamani pombe ya ulezi ilikuwa heshima ya wazee, waliokizunguka chungu kimoja kwa mirija mirefu. Leo pombe yauzwa, na chungu hakiulizi umri, chauliza fedha. Tena ipo gongo, ambayo imekatazwa na sheria, na isiyojulikana nguvu yake. Ikiwa ina sumu ya methanoli yaweza kupofusha macho.

Sasa fanya hesabu. Chupa ya bia ya mililita 500, yenye nguvu ya 5 kwa mia, ina gramu 20 hivi za kileo. Ini huunguza gramu 7 hadi 10 kwa saa, tuseme 8. Kijana akinywa chupa nne tangu saa nne usiku, damu yake haitakuwa safi mpaka saa mbili asubuhi. Kahawa wala maji baridi hayaliharakishi ini.

Kuna neno moja gumu. Ada ilifutwa mwaka 2016, lakini sare na daftari hununuliwa, na zangu zimenunuliwa kwa fedha ya pombe ya mama. Siwezi kumdharau kwa hilo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yakataza kumwuzia pombe mtu aliye chini ya miaka 18, nami likizo iliyopita nilimwuliza, "Mama, wanafunzi wenzangu wakija utawauzia?"

Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Wakija na sare nitawafukuza, mwanangu. Wakija bila sare nitawajuaje?"

Mimi nawajua. Likizo hii nitakaa naye karibu na chungu, niwe namwonyesha.