SOMO LA WIKI: Farasi 200 kwa siku sita za mwaka

MNUNUZI anayefikiria pikipiki kubwa ya mbio kwa ajili ya kuikimbiza uwanjani kwa kawaida huanza na swali la bei. Kabla ya bei, hata hivyo, kuna swali jingine: chombo hicho kitafanya kazi saa ngapi kwa mwaka, na kila saa itagharimu kiasi gani? Mwenye lori au mashine ya kusaga analifahamu swali hili, kwani ndilo analojiuliza kila anapotoa fedha.

Mfano wa somo hili unatoka Uingereza, ambako siku za uwanjani ni biashara iliyokomaa. Viwanja kama Brands Hatch, Donington Park na Silverstone hutumiwa na waandaaji wanaouza nafasi kwa waendeshaji wa kawaida. Hakuna mashindano wala zawadi. Anayelipa hupangwa katika kundi la wanaoanza, la kati au la wenye kasi, na makundi hupokezana kwa vipindi vya dakika 15 hadi 20. Siku isiyo na mvua wala ajali za kusimamisha shughuli humpa mtu vipindi sita au saba, yaani takriban saa mbili za kuendesha.

Bidhaa yenyewe

Mwaka 1992 Honda ilitoa CBR900RR yenye injini ya cc 893 na uzito mkavu wa kilo 185, na soko likabadilika. Mwaka 1998 Yamaha ilijibu kwa R1 ya cc 998, farasi 150 na kilo 177. Toleo la R1 la mwaka 2015 lilifikia farasi 200 hivi, likiwa na kompyuta inayopima jinsi pikipiki inavyolala kwenye kona na kupunguza nguvu tairi la nyuma linapoanza kuteleza. Ducati Panigale V4 ya mwaka 2018, yenye cc 1,103, ilivuka farasi 210.

Kwa kulinganisha, Boxer ya cc 150 inayobeba abiria mitaani Afrika Mashariki ina farasi wapatao 12. Hiyo hutoka alfajiri na kurudi usiku, na siku kwa siku humrudishia mwenyewe fedha zake. Pikipiki ya uwanjani haileti mapato yoyote. Katika daftari inakaa upande wa matumizi, na huko ndiko inakopaswa kupimwa.

Nguvu isiyotumika

Farasi 200 zinauzwa ghali, lakini si kila mnunuzi anaweza kuzitumia. Uwanja wa Brands Hatch, ule mfupi, una urefu wa kilomita 1.9 tu. Pikipiki ya cc 1,000 inaweza kuvuka kilomita 140 kwa saa ikiwa bado katika gia ya kwanza. Katika uwanja wa namna hiyo mwendeshaji mgeni huvuta resi hadi mwisho kwa sekunde chache, kisha hutumia sehemu kubwa ya mzunguko akisubiri kona ipite.

Kasi nayo ina deni lake. Nishati ambayo breki zinapaswa kuimaliza huongezeka kwa mraba wa kasi. Anayefika mwisho wa njia iliyonyooka akiwa na kilomita 280 kwa saa ana karibu mara mbili ya nishati aliyonayo mwenzake wa kilomita 200, ikiwa uzito ni sawa. Tofauti hiyo hulipwa na breki, matairi na utulivu wa dereva. Kompyuta humsaidia asiteleze, lakini haimfundishi mahali pa kuanza breki wala mahali pa kuelekeza macho. Hayo hupatikana kwa mizunguko mingi, na ni rahisi kujifunza juu ya pikipiki ambayo kosa dogo halileti hasara kubwa.

Hesabu ya mwaka mmoja

Tarakimu zifuatazo zimewekwa kwa ajili ya somo, katika pauni za Uingereza. Kila mnunuzi aweke bei za soko lake. Inachukuliwa kwamba pikipiki itatumika siku 6 kwa mwaka, itauzwa baada ya miaka 3, na kwamba fedha hizo zingeweza kupata riba ya asilimia 5 mahali pengine.

Pikipiki A ni mpya ya cc 1,000. Inanunuliwa kwa 20,000 na kuuzwa kwa 11,000.
- Kushuka kwa thamani kwa mwaka: 3,000
- Riba iliyokosekana: 1,000
- Viingilio, siku 6 kwa 150: 900
- Matairi, jozi 3 kwa 320: 960
- Matengenezo, breki, oili na mnyororo: 600
- Petroli: 240
- Usafirishaji hadi uwanjani: 360
Jumla: 7,060. Kila siku ya uwanjani inagharimu takriban 1,177.

Pikipiki B ni iliyotumika, ya cc 400 au 650. Inanunuliwa kwa 4,000 na kuuzwa kwa 2,800.
- Kushuka kwa thamani kwa mwaka: 400
- Riba iliyokosekana: 200
- Viingilio: 900
- Matairi, jozi moja na nusu kwa 250: 375
- Matengenezo: 300
- Petroli: 120
- Usafirishaji: 360
Jumla: 2,655. Kila siku inagharimu takriban 443.

Tofauti ni 4,405 kwa mwaka. Kwa mwenye pikipiki B, kila siku ya ziada inahitaji 343 hivi za kiingilio, matairi, petroli, matengenezo na usafiri. Maana yake ni kwamba kwa fedha zilezile anaweza kwenda uwanjani siku 18 badala ya 6, na bado akabakiwa na chenji. Mmoja anapata saa 12 za mazoezi kwa mwaka, mwingine saa 36.

Msomaji azingatie pia kwamba katika hesabu ya A, pauni 4,000 kati ya 7,060 zinakwenda hata kama pikipiki haikutoka gereji. Hiyo ndiyo gharama ya kudumu, na hupungua makali pale tu chombo kinapotumika mara nyingi. Anayekwenda mara 6 kwa mwaka anaibeba nzima.

Bima na hasara ya siku moja

Bima ya kawaida ya barabarani Uingereza kwa kawaida haigusi matukio ya uwanjani. Ipo bima maalumu, lakini ni ya kununuliwa pembeni na ina masharti yake. Kabla ya kuingia, mshiriki hutia saini kwamba anakubali hatari, na kwa kawaida akianguka hugharamia pikipiki yake mwenyewe. Kwa hiyo anayepeleka mali ya 20,000 uwanjani bila bima anaweza kuipoteza yote kabla ya chakula cha mchana.

Hali huwa mbaya zaidi kwa aliyenunua kwa mkopo. Pikipiki ikiharibika, marejesho yanabaki palepale, na chombo kilichowekwa dhamana hakina tena thamani ya deni. Mfanyabiashara mdogo asichukue fedha za mzunguko wa duka kwa ajili hiyo, wala asitie mkono katika fedha za ada za watoto. Kiasi kinachopelekwa uwanjani kiwe kile ambacho kikipotea, biashara itafunguliwa kesho yake kama kawaida.

Aidha, pikipiki si gharama pekee. Suti ya ngozi, helmeti nzuri, glovu, buti na kinga ya mgongo hununuliwa kwanza. Mwenye bajeti finyu apunguze ukubwa wa injini kabla ya kupunguza ubora wa mavazi.

Mwelekeo wa soko

Kanuni za Ulaya za kupunguza moshi, zijulikanazo kama Euro 5, zilianza kuhusu pikipiki zote mpya mwaka 2021. Yamaha iliacha kuuza R6 ya barabarani Ulaya baada ya mwaka 2020, ikabakiza toleo la uwanjani. R1 nayo, kuanzia mwaka 2025, iliwekwa Ulaya kwa matumizi ya uwanjani tu. Wakati huohuo pikipiki za kati zimeongezeka: Aprilia RS 660 ya mwaka 2020 yenye farasi 100, na Yamaha R9 ya mwaka 2025 yenye cc 890 na farasi wanaokaribia 120.

Wapo wanaosema uhaba huo utapandisha bei za zile kubwa, hivyo kuzinunua ni kuweka akiba. Hoja hiyo ina udhaifu. Chombo kinachothaminiwa kwa uhaba ni kile kisafi, chenye karatasi kamili na kilichotembea kidogo. Kikishapelekwa uwanjani, kikavuliwa taa na kukwaruzwa, kinahama kundi hilo. Anayetaka akiba aifiche gereji, na anayetaka kuendesha akubali kwamba thamani itashuka.

Kukagua iliyotumika

Anayenunua pikipiki iliyotumika aangalie ncha za usukani, ncha za pedali za miguu na vishikio vya breki na klachi, kwani ndivyo vinavyogusa lami kwanza pikipiki ikianguka. Aangalie fremu karibu na shingo ya usukani kama ina ufa au rangi mpya. Matundu madogo kwenye vichwa vya bolti yanaonyesha kuwa ilifungwa waya za usalama kwa ajili ya mashindano. Hilo si kosa, ila muuzaji aliseme na bei ilionyeshe. Injini iwashwe ikiwa baridi. Muuzaji aliyekwisha kuipasha moto kabla mnunuzi hajafika aulizwe sababu.

Nani anunue kubwa

Yupo anayestahili. Ni yule ambaye tayari yumo katika kundi la wenye kasi, anakwenda siku 12 au zaidi kwa mwaka, anatumia viwanja virefu kama Silverstone wa kilomita 5.9, na analipa taslimu. Kwake gharama ya kudumu inagawanyika kwa siku nyingi, na zile farasi anazozilipia anazitumia kweli.

Kwa wengine, njia ya busara ni kuanza kwa kukodi. Shule ya California Superbike School, iliyoanzishwa na Keith Code mwaka 1980, ni mojawapo ya zinazofundisha kwa pikipiki za shule yenyewe. Siku moja ya namna hiyo ni ghali ikitazamwa peke yake, lakini ni nafuu kuliko kununua chombo na kugundua baada ya miezi miwili kwamba hakikufai.

Baada ya hapo inunuliwe ndogo iliyotumika, na daftari liwekwe: siku zilizokwendwa, matairi yaliyokwisha, muda wa kila mzunguko. Msimu mmoja ukipita, mwenye daftari atazame mambo mawili. Je, siku zilifika 12? Na je, katika njia iliyonyooka amekuwa akivuta resi hadi mwisho kila mzunguko na bado akaona haitoshi? Majibu yote mawili yakiwa ndiyo, kubwa inaweza kuwa na kazi ya kufanya. Jibu moja likiwa hapana, fedha zikae benki msimu mwingine.