SOMO LA MWEZI: "Pesa Hizi Zimetoka Wapi?"



Mwezi huu somo letu si la mbuzi wa maziwa wala la kuhifadhi viazi vya mbegu. Ni la pesa chafu. Najua wengine mtasema, "Pesa chafu, hapa Kibirichia? Sisi tuna matope tu na waru." Ngojeni kidogo.

Kuna binti wa jumuiya moja ya parokia aliyepata nafasi ya kujifunza kazi miezi mitatu katika benki moja mjini Meru. Alidhani atakaa dirishani ahesabu noti. Kumbe aliwekwa chumba cha nyuma pamoja na afisa ambaye kazi yake ni kutafuta uhalifu wa pesa. Aliporudi tulimwomba azungumze na vijana baada ya Misa. Hakutaja jina la mteja hata mmoja, na alifanya vyema, maana siri ya mteja ni siri.

Alianza hivi. Mwizi wa pesa nyingi ana shida sawa na mwizi wa ng'ombe. Kuiba ni usiku mmoja, lakini kumchunga ng'ombe huyo mchana mbele ya majirani ndiyo kazi. Kwa hiyo mwizi huingiza pesa benki kidogo kidogo ili asiulizwe. Kisha anazizungusha katika akaunti za watu wengi mpaka njia ipotee. Mwisho ananunua ploti au lori, na ukimwuliza anasema, "Niliuza viazi." Hiyo ndiyo watu huita kuosha pesa, au utakatishaji wa fedha.

Kwa hiyo benki huuliza. Ukipeleka au kutoa taslimu milioni moja na zaidi, utaambiwa ujaze fomu: zimetoka wapi, zaenda wapi. Wazee wetu hukasirika sana kwa swali hili. Mimi mwenyewe niliwahi kukasirika, nikidhani karani ananidharau.

Mfano wa kwanza aliopewa na mwalimu wake wa kazi ulikuwa faili la zamani, majina yamefutwa. Kijana wa miaka ishirini na kitu, hana kazi, akaunti yake ililala mwaka mzima. Ghafla ikaanza kupokea elfu sitini, elfu themanini, mara tano kwa siku, na kila zikiingia zinatolewa kabla ya saa moja kuisha. Alipoitwa alisema hajui lolote, alimwazima rafiki kadi yake na laini ya simu kwa shilingi elfu mbili. Pesa zile zilikuwa za akina mama waliodanganywa kwa simu.

Hapo vijana wetu walinyamaza, na mmoja akatoka nje. Sikumwuliza.

Basi lisemwe wazi, maana linatokea. Sheria ya Kenya ya mwaka 2009 juu ya mapato ya uhalifu haimkamati tu anayejua kwamba pesa ni chafu, bali pia anayepaswa kujua. Kifungo chaweza kufika miaka 14, au faini ya hadi milioni tano au thamani ya mali yenyewe, ikiwa ni kubwa zaidi, ama vyote viwili. Elfu mbili ya kuazima kadi!

Sasa jambo ambalo binti hakuwaambia vijana. Alikuja ofisini kwangu katikati ya yale mafunzo, siku ya Jumamosi, akaniambia, "Mwalimu, nimeletewa fomu ya mtu aliyeweka milioni moja na nusu. Mahali pa kueleza zilikotoka ameandika 'biashara' tu. Nikauliza, mkubwa mmoja akaniambia nigonge mhuri, huyo ni mteja wa siku nyingi. Nikigonga, jina langu liko pale. Nikikataa, sitapata kazi."

Sikuwa na jibu la haraka. Nilimsimulia habari za David Munyakei. Huyu alikuwa karani kijana katika Benki Kuu ya Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kwake yalipita makaratasi ya kampuni ya Goldenberg, iliyokuwa inalipwa na serikali kwa kuuza nje dhahabu na almasi. Nchi yetu ina dhahabu kidogo sana, na almasi haichimbwi. Yeye alisoma yale wengine waliyogonga mhuri. Makaratasi yakafika kwa wabunge, mwaka 1993 jambo likalipuka Bungeni. Munyakei alikamatwa, akashtakiwa, akaachiliwa, lakini kazi akapoteza. Miaka kumi baadaye tume ya Jaji Bosire iliundwa kuchunguza kashfa hiyo, naye akatoa ushahidi. Alifariki Julai 2006 akiwa maskini.

Binti akaniangalia. "Sasa Mwalimu, unanitia moyo au unaniogopesha?" Swali zuri. Nilimwambia vyote viwili, lakini kuna tofauti moja kubwa. Munyakei hakuwa na mlango wa kupeleka neno lake. Leo kila benki inatakiwa kuwa na afisa wa kupokea mashaka ya wafanyakazi, na afisa huyo hupeleka taarifa kwa kituo cha serikali kiitwacho FRC, kilichoundwa chini ya sheria ile ya 2009. Na kumdokezea mteja kwamba ameripotiwa ni kosa la jinai. Tena benki zenyewe huumia: Septemba 2018 Benki Kuu ilitoza benki tano faini ya jumla ya shilingi milioni 392.5 kwa namna zilivyopitisha pesa za kashfa ya NYS bila kuuliza na kuripoti ipasavyo.

Jumatatu alipeleka fomu kwa afisa huyo. Mteja akaitwa. Kumbe alikuwa broka wa viazi, mtu safi, akaleta risiti za magunia na za lori, mpaka cess ya kaunti. Alikuwa tu mvivu wa kuandika. Yaani kuulizwa si kuhukumiwa, na yule mwenye milioni alikuwa safi wakati mwenye kadi ya kuazima hakuwa.

Mafunzo yalipoisha binti hakuchukuliwa kazi. Kama ni kwa sababu ya fomu ile au kwa sababu nafasi hazikuwepo, hakuambiwa. Anatafuta kwingine, na barua ya sifa alipewa.

Na sisi Kanisa tusijifiche nyuma ya benki. Mtu anasimama kwenye harambee anatoa bahasha nene, tunapiga makofi mpaka kigelegele. Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi alikataa mchango uliotolewa na Rais katika kanisa la Soweto, na watu wengi walishangaa. Mimi nilishangaa kwamba tulishangaa.

Kwa mazungumzo ya jumuiya ndogo ndogo: Je, kuna kijana nyumbani kwako aliyeazima mtu kitambulisho, laini au kadi, na umewahi kumwuliza kwa upole? Tukipokea mchango mkubwa kanisani, nani kati yetu ana ruhusa ya kuuliza ulikotoka? Na mweka hazina wa kikundi chenu, mara ya mwisho kuleta kitabu mkakisoma wote ilikuwa lini? Wenye vitabu wavilete Jumamosi ya kwanza ya mwezi, saa nne, pale ukumbini. Yule binti amekubali kutusaidia kuvisoma.