Dondoo muhimu: Wiki ya maharage kwa mtoto wa miaka 3 hadi 5

Chagua mada moja kwa wiki nzima, maharage yanatosha. Unapochambua ya kupika, mpe mtoto sahani yake atenge mekundu na ya njano: vidole vinavyookota punje moja moja ndivyo vitakavyoshika penseli. Hesabuni kwa sauti, kisha muulize fungu lipi lina mengi zaidi, na umsubiri ajibu mwenyewe. Lazeni punje 3 kwenye pamba iliyoloweshwa maji ndani ya kikopo, karibu na dirisha. Baada ya siku chache mzizi hutokeza, naye atakuwa na la kusimulia.

Usimwache peke yake hata kidogo. Punje huingia puani na masikioni upesi, na maharage mabichi yana sumu. Aliye chini ya miaka 3 mpe sufuria, vifuniko na mwiko.