Adui Naye Ana Mdomo

Bura zipo mbili, na Mto Tana umekaa katikati. Ya magharibi ina mashamba ya kumwagilia maji. Ya mashariki, huko Fafi katika kaunti ya Garissa, ni nchi ya wafugaji wa Kisomali na hadithi za usiku. Maswali haya ni yale ambayo kijana wa upande wa mashariki angemuuliza mchambuzi wa katuni akikabidhiwa kitabu ambacho stelingi wake ni mwizi.

Kitabu chenyewe ni kipi?

Kinaitwa The Superior Foes of Spider-Man. Kampuni ya Marvel ya Marekani ilikitoa kuanzia 2013 hadi 2014, matoleo 17, Nick Spencer akiandika na Steve Lieber akichora sehemu kubwa. Wahakiki walikisifu, wanunuzi wakapita. Pengine jina ndilo lililokiponza: aliyemfuata Spider-Man alifungua kurasa akakuta wahalifu wa daraja la tatu wakizozana.

Hao wahalifu ni akina nani?

Kiongozi wao ni Fred Myers, aitwaye Boomerang, mchezaji wa besiboli aliyeharibikiwa kwa sababu ya hongo. Yupo Shocker, mwenye vazi linalofanana na godoro lililoshonwa mistari na glavu zinazotikisa hewa. Yupo Speed Demon mwenye mbio, Overdrive anayegeuza gari lolote kuwa la mashindano, na Beetle, mwanasheria aliyezaliwa na jambazi. Kundi lao linajiita Sita Waovu. Ukiwahesabu, ni watano.

Mkasa wao unahusu, pamoja na mengine, kichwa cha Silvermane, mzee wa mafia aliyebaki kichwa tu, bado kinaongea. Ni upuuzi, na ni upuuzi uliopangwa vizuri sana.

Boomerang ndiye anayesimulia. Anasema kweli?

La, na hapo ndipo penye utamu. Boomerang anazungumza na msomaji kama rafiki wa barazani, anajitetea, anaapa. Maneno yanasema hivi, picha iliyo chini yake inasema vile. Anapojidai kuwa mwenzi mwaminifu, mkono wake unachorwa ukimsaliti mwenzake. Mara nyingine Lieber haandiki kabisa wanachosema; anachora vijipicha ndani ya puto la maneno, na msomaji anaelewa.

Msimulizi wa hadithi za mdomo anaweza kufanya jambo la namna hii kwa kukonyeza jicho. Katuni inakonyeza kwa wino.

Kwetu kuna kitu kama hicho?

Vipo vipande vyake. Mtoto wa Kisomali hutishwa kwa Dhegdheer, mla watu mwenye sikio refu linalosikia kutoka mbali. Katika masimulizi mengi nchi inakauka akiwa hai, mvua inarudi akifa. Hadithi hiyo imevuka bahari: mwaka 2007 ilichapishwa Minnesota, Marekani, kwa Kisomali na Kiingereza, ikisimuliwa upya na Marian A. Hassan. Lakini Dhegdheer hapewi nafasi ya kueleza njaa yake ilianzia wapi.

Arawelo ni habari nyingine. Malkia huyo wa visasili anasemwa kuwa aliwanyang'anya wanaume utawala na kuwahasi, mpaka mjukuu wake alipomuua. Huko kaskazini mwa nchi ya Wasomali kuna marundo ya mawe yanayoitwa kaburi lake. Kwa desturi mwanamume akipita hutupa jiwe. Mwanamke huweka ua au tawi bichi. Mtu mmoja, kaburi moja, na adui wa huyu ni shujaa wa yule. Hakuna aliyehitaji Marvel kulifahamu hilo.

Basi kwa nini kijana wa Fafi aisome katuni ya Marekani?

Kwa sababu anajua uzito wa kuitwa adui. Vita vya kujitenga vya miaka ya 1960 vililiachia eneo hili jina la shifta, neno lenye asili ya Uhabeshi linalomaanisha jambazi, na likamwangukia hata mchungaji aliyekuwa akitafuta maji tu. Sheria ya hali ya hatari iliyowekwa mwishoni mwa 1963 iliondolewa 1991.

Hapa inafaa kutenganisha. Boomerang ni mwizi kweli, na kitabu hakimsafishi. Aliyebandikwa jina ni mtu mwingine kabisa. Anayechora ni lazima ajue anamchora yupi kati ya hao wawili, la sivyo atamtetea mhalifu kwa machozi ya asiye na hatia.

Dhegdheer angechorwaje akisimulia mwenyewe?

Njia ya kutoka hadithi hadi katuni si ngeni Kenya. Miaka ya 1980 mfululizo wa Pichadithi, kazi ya Terry Hirst na wenzake, uligeuza ngano za jamii mbalimbali kuwa vitabu vya picha. Kitabu chembamba namna hiyo hakingemwelemea ngamia anayebeba vitabu vya maktaba ya kuhamahama iliyoanza Garissa mwaka 1996.

Mchoraji angeweza kuanza na sikio. Ukurasa wa kwanza mzima ni sikio moja refu, usiku, na kutoka kila boma la mbali sauti za watu wanaomsema zinaingia, moja baada ya nyingine. Yeye hajafungua mdomo bado.