Somo: Waya wa Joto na Bomba la Nje

Maji yagandapo huongezeka ukubwa kwa takriban asilimia 9. Ndiyo sababu bomba hupasuka. Kanada, bomba lililo wazi hufungwa waya maalumu wa umeme, kisha hufunikwa kwa sponji ili joto lisipotee hewani. Kidhibiti joto huruhusu umeme kupita baridi ikaribiapo nyuzi 0 za Sentigredi.

Kwetu Makete, msimu wa sakitu, kufukia bomba ardhini na kufunga magunia makavu (yaliyolowa hayafai) kwenye sehemu iliyobaki juu hutosha. Mwananchi asijitengenezee waya huo kwa koili ya jiko la umeme. Koili haina ganda la kuzuia maji. Agusaye bomba la chuma lililozungushiwa koili hiyo aweza kufa papo hapo.