Mwanasesere wa Mtoto Wako Anafanana na Nani?

Katika maduka mengi ya Nyeri, Karatina na Nanyuki, mwanasesere wa plastiki huwa na ngozi nyeupe, nywele za manjano na macho ya buluu. Mtoto wa Othaya anayembeba mgongoni humwita "mtoto wangu", ingawa hawafanani hata kidogo. Je, kuna neno hapo, au ni mchezo tu?

Swali hili lilichunguzwa Marekani katika miaka ya 1940 na wanasaikolojia wawili Weusi, Kenneth Clark na mkewe Mamie. Waliwapa watoto Weusi wa miaka 3 hadi 7 wanasesere waliofanana kwa kila kitu isipokuwa rangi, kisha wakauliza: yupi mzuri? Yupi mbaya? Yupi anafanana nawe? Wengi walimchagua mweupe kuwa mzuri na mweusi kuwa mbaya. Walipofika swali la mwisho, baadhi yao walilia. Mwaka 1954, Mahakama ya Juu ya Marekani iliutaja utafiti wa Clark ilipoamua kwamba kuwatenga wanafunzi kwa rangi ni kinyume cha katiba.

Viwanda navyo vilichelewa. Barbie alianza kuuzwa mwaka 1959, lakini mwanasesere Mweusi wa kwanza kuitwa Barbie alitoka 1980, miaka 21 baadaye.

Funzo kwetu ni kwamba mtoto huanza kujifunza nani "mzuri" kabla hajajua kusoma. Chini ya Katiba ya 2010, elimu ya chekechea ni jukumu la kaunti, lakini mafunzo haya huanzia nyumbani. Mzazi na mwalimu wanaweza kufanya yafuatayo:

1. Sikiliza. Muulize mtoto kwa nini anampenda mwanasesere fulani. Akisema mweusi ni mbaya, usimkemee. Muulize amesikia wapi maneno hayo.

2. Chunga ulimi. Mtoto anayeitwa "makaa" kwa utani, au anayesikia dada yake akisifiwa kwa weupe, hujifunza haraka kuliko kwa mwanasesere yeyote.

3. Tengeneza. Omba vipande vya kitambaa cha kahawia kwa fundi wa nguo. Shona umbo la mtu, jaza matambara safi, kisha weka nywele za uzi mweusi wa kufumia ambazo mtoto anaweza kusuka. Macho yatarizi kwa uzi. Usitumie vifungo, kwani mtoto mdogo anaweza kuving'oa na kukabwa navyo.

4. Changanya. Usimtupe mwanasesere mweupe. Kasha la darasani liwe na mweusi, wa maji ya kunde, mweupe, mwenye ualbino, mwenye miwani na wa kiume. Mtoto mwenye ualbino naye anastahili kujiona, na wenzake wazoee kumwona.

Bibi zetu walibeba magunzi ya mahindi yaliyofungwa vitambaa, na hakuna kiwanda kilichowaambia sura ya mtoto mzuri ikoje. Leo viwanda vinasema hivyo kila siku dukani. Mzazi na mwalimu wana nafasi ya kujibu mapema, kwa sindano, uzi na maneno mema. Udongo uupate ungali maji.