Mbwa Mweusi Akipauka, Usimpake Oili

Kwa kila mwenye mbwa

Kiangazi hiki ofisi ya mifugo imepokea malalamiko mengi ya namna moja: mbwa alikuwa mweusi tititi, sasa mgongo na mkia vina wekundu wa kutu. Wapo wanaodai amerogwa. Wapo wanaolaumu chanjo ya kichaa cha mbwa, na kwa sababu hiyo wanawaficha mbwa wao siku ya chanjo. Chanjo haibadilishi rangi ya manyoya. Maofisa wetu wamelieleza hilo mtaa kwa mtaa bila kuchoka, na hapa tunalirudia.

Ni jua. Weusi wa manyoya hutokana na rangi ya asili iitwayo melanini. Miale ya jua kali huiharibu, na unyoya ukishaota hauna uhai, hauwezi kujirudishia rangi iliyopotea.

Fumua manyoya ya mgongoni utazame. Mashina yakiwa meusi na ncha nyekundu, ngozi safi, mbwa hajikuni, basi ni jua tu. Weusi utarudi manyoya mapya yatakapoota. Mtafutie kivuli, hasa kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 jioni. Lakini manyoya yakififia hadi shinani, au yakinyonyoka, mlete apimwe. Huenda tatizo ni chakula: ugali mtupu haumtoshi mbwa. Mwili wake unahitaji protini na madini ya shaba ili kutengeneza melanini. Wekundu wa miguuni pekee mara nyingi ni wa mate, kwa kuwa anajilamba akiwashwa.

USIMPAKE OILI CHAFU. Oili iliyomwagwa kutoka kwenye injini si dawa ya upele wala si rangi. Ina sumu, zikiwemo metali nzito. Hupenya kwenye ngozi, na mbwa akijilamba huingia tumboni. Ini na figo huumia. Atakayekuambia jirani yake alipaka na mbwa akapona, usimsikilize.

USIMPAKE PIKO, wala rangi nyingine ya nywele za watu. Kemikali iliyomo kwenye piko huweza kuvimbisha koo hadi pumzi ikakata, na huua figo. Imewadhuru watu, mbwa anayejilamba mwili mzima atasalimika vipi?

Kama ameshapakwa, mzuie kujilamba. Vaa glavu, umwoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, urudie mpaka maji yatoke safi. Usitumie petroli wala mafuta ya taa kumsafishia. Usimtapishe: oili ikipanda kooni huweza kuingia mapafuni. Kisha mlete kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo, hata kama anakula na kucheza, na useme ukweli kuhusu ulichompaka. Hatujamfukuza mtu kwa kusema ukweli.

Uchunguzi ni bure kwa mbwa mwenye kadi ya chanjo ya mwaka huu. Masharti mengine yamebandikwa kwenye ubao wa matangazo.

Hata rangi ikisharudi: usimpake oili.